Kanisa Dogo Lisipange Matumizi kwa Fedha za Rashi

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukutana na bei za pamba, dengu, mpunga na dhahabu. Wiki hii tunaomba radhi kuingia mahali ambapo mwandishi wa habari za soko huwa haingii na kalamu yake, yaani ndani ya kikapu cha sadaka. Hatuingii kuhubiri. Tunaingia kwa sababu kanisa dogo, liitwe kigango, usharika, mtaa au pastoreti, ni taasisi ya fedha kama zilivyo nyingine. Linapokea, linalipa, linakopa saruji dukani na mara nyingi linadaiwa. Na katika ukanda huu wa Shinyanga, Kahama na Geita, mara nyingi linadaiwa zaidi baada ya neema kuliko baada ya njaa.

Hoja yetu ni moja. Makanisa madogo ya ukanda wa dhahabu hayaangushwi na umaskini wa waumini. Yanaangushwa na kosa la kimahesabu ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biashara hufundishwa kuliepuka, nalo ni kuchukua mapato ya msimu na kuyabebesha matumizi ya kudumu.

KIKAPU NA DUARA

Anayetaka kujua hali ya mzunguko wa fedha Katoro, Nyarugusu, Rwamgasa, Kakola au Mwakitolyo hana haja ya kungoja taarifa ya Benki Kuu. Aketi kanisani Jumapili mbili tatu. Maduara yakitema, kikapu hurudi mbele kikiwa na noti za elfu kumi. Maduara yakikauka au yakijaa maji, hurudi na sarafu za mia mbili na noti za elfu moja zilizochakaa.

Kwa wasiokaa huku, rashi ni pale mtu mmoja anapookota jiwe lenye dhahabu porini, na baada ya wiki chache pori hilo likawa mji wa maturubai wenye makarasha, mialo ya kuoshea mchanga, mama lishe, gesti, baa na kanisa. Nalo kanisa huanza kwa turubai, likapata mabati, kisha likapata spika. Fedha huingia kwa kasi ambayo mhazini aliyezoea kuhesabu sadaka za wakulima hajapata kuiona.

Angalia mnada wa Jumapili, ule unaofanyika nje baada ya ibada. Mama kaleta kuku, mwingine mayai, mwingine debe la mahindi. Siku za kawaida kuku huyo huuzwa kwa bei iliyo karibu na ile ya sokoni. Siku za rashi, mwenye karasha na mwenye duara wamesimama bega kwa bega na hakuna anayekubali kushindwa na mwenzake. Kuku hupanda, hununuliwa, hurudishwa mnadani, hununuliwa tena. Mhazini anaandika jumla na kushukuru. Anachosahau kuandika pembeni ni kwamba bei hiyo ililipwa na watu wawili ambao mwezi ujao wanaweza kuwa Chunya.

MIAKA MIA NA ZAIDI YA BEI ZA WATU WENGINE

Jambo hili si geni. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipoipokea stesheni ya Nassa, kando ya Ziwa Victoria, kutoka kwa Church Missionary Society mwaka 1909, walikuwa na utaratibu wa kutoahidiwa mshahara. Kila mmoja aliishi kwa michango ya marafiki wa kwao. Kanisa lililotokana na kazi yao, ambalo leo ni Africa Inland Church Tanzania, lilirithi msimamo kwamba waumini wabebe wenyewe mzigo wa wainjilisti wao. Ni msimamo wa heshima. Ila Usukumani ulikuwa na maana moja, kwamba posho ya mwinjilisti ifungwe kwenye pamba.

Pamba ilipopanda miaka ya 1950, na vyama vya ushirika chini ya akina Paul Bomani vikaungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria, mkulima alikuwa na mahali pa kuuza na mahali pa kulipwa. Mwaka 1974 ilikuja Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa, na jengo la ibada lililokuwa katikati ya waumini likajikuta peke yake porini. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa. Viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, mkulima alikuwa amekwisha kujifunza kulipwa kwa ahadi. Mwaka 1994 soko la pamba likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na kuanzia hapo bei ikawa inatikisika kila msimu.

Upande wa dhahabu ni hivyo hivyo. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofunguliwa miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966, na mshahara wa mgodi ukatoweka mjini. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyokaribia ya soko la pembeni, na ghafla fedha za madafu zikamwagika vijijini. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Kanisa lililokuwa likihesabu waumini wake kwa wachimbaji hao lingebaki kuhesabu mabenchi. Ikaja migodi mikubwa: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Buzwagi nao ukafungwa mwaka 2021, na Kahama yote, kuanzia mwenye nyumba za kupangisha hadi mwenye genge, ilijua siku ile mishahara ilipokoma.

Msomaji aone mfululizo huo. Karibu kila muongo kuna fedha iliyoingia ukanda huu, na karibu kila muongo kuna fedha iliyoondoka. Uamuzi wa kuingia na kuondoka haukufanywa na baraza la wazee wa kanisa lolote. Ulifanywa Dar es Salaam, London, Johannesburg au Toronto.

Kwa asiyeamini, tarakimu za pamba zinasema wazi. Bei dira ya kilo moja ilikuwa Sh 1,200 msimu wa mwaka 2019, ikashuka hadi Sh 810 mwaka 2020. Mwaka 2022 ilipanda hadi Sh 1,560, na mwaka 2023 ikarudi Sh 1,060. Mkulima mwaminifu aliyevuna kilo 1,000 mwaka 2022 alitoa zaka ya Sh 156,000. Aliyevuna kilo hizo hizo mwaka uliofuata, kwa jembe lile lile na jasho lile lile, alitoa Sh 106,000. Imani yake haikupungua hata chembe. Zaka yake ilipungua karibu theluthi moja. Na mwaka 2019, ambao bei kwa maandishi ilikuwa nzuri, wakulima wengi walikaa miezi wakingoja malipo, kwa sababu wanunuzi walibanwa na kushuka kwa bei ya dunia. Sadaka ya mavuno ya mwaka ule ilitolewa na watu waliokuwa wameshika stakabadhi mkononi badala ya fedha.

KAUNTA BUKU YA MAMA

Hapa mwandishi anatoa ushahidi wa nyumbani. Mama yangu mzazi alikuwa mhazini wa kanisa letu dogo wilayani Kahama. Ibada ikiisha walibaki watatu: yeye, katibu na mzee mmoja wa kanisa. Walimwaga kikapu juu ya meza, nami nilipewa kazi ya kupanga sarafu kwa mafungu ya kumi kumi. Kila kitu kiliandikwa kwenye kaunta buku kwa wino wa bluu. Sijapata kuona, hata chuoni, hesabu zilizoandikwa kwa uaminifu kuliko zile.

Mwaka 2011 dhahabu ilipita dola 1,900 kwa wakia katika soko la dunia, na huku kwetu kila kijana mwenye nguvu alikuwa na jirani mwenye duara. Sadaka ya Jumapili moja ikawa sawa na ya mwezi mzima wa zamani. Kanisa letu la miti na udongo lilichukua watu wapatao mia moja. Kamati ikakaa, ikaangalia kaunta buku, ikapitisha jengo la watu mia nane. Msingi ulichimbwa kwa shangwe, harambee ikaitishwa, mgeni rasmi akaahidi mabati. Wakati huo huo kamati ikaongeza posho ya mchungaji na kuajiri mwinjilisti wa pili.

Mwaka 2013 peke yake bei ya dhahabu duniani ilishuka kwa zaidi ya robo. Maduara ya jirani yalijaa maji, na wenye pampu wakahamia kwingine. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta. Ziko hapo kwenye linta mpaka leo. Ni pagale, mwarobaini umeota mahali ambapo madhabahu ilikusudiwa kuwa, na ibada inaendelea katika jengo lile lile la udongo.

Pagale linaumiza macho, lakini si hilo linalonisumbua. Mchungaji wetu alipata uhamisho akiwa anadai posho ya miezi saba. Alikuwa na watoto wanne, wawili sekondari. Hakugomba. Alimwachia mama karatasi moja yenye orodha ya miezi hiyo na kiasi cha kila mwezi, akapanda basi. Mama hakuiba hata senti. Kamati haikuiba. Kaunta buku ilikuwa safi ukurasa kwa ukurasa. Karatasi ile bado imo katikati ya kurasa hizo, na deni lile halijalipwa.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaodhani kwamba tatizo la fedha za makanisa madogo ni wizi tu. Wizi upo na ushughulikiwe. Lakini kuna makanisa mengi yaliyoanguka yakiwa na wahazini waaminifu.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa darasani. Kanisa linapata Sh 90,000 kila Jumapili katika miezi minane ya kawaida, na Sh 300,000 kila Jumapili katika miezi minne ya rashi. Kwa Jumapili nne kila mwezi, miezi ya kawaida italeta Sh 2,880,000 na miezi ya rashi Sh 4,800,000. Jumla ya mwaka ni Sh 7,680,000.

Kamati inagawanya kwa 12, inapata Sh 640,000 kwa mwezi, inaona inaweza kubeba matumizi ya Sh 600,000 kila mwezi na bado ikabakiwa na chenji. Hesabu ya kugawanya ni sahihi. Uamuzi ndio mbovu. Mwaka unaofuata rashi imehamia wilaya nyingine, na kila mwezi unaleta Sh 360,000. Pengo ni Sh 240,000 kila mwezi, yaani Sh 2,880,000 kwa mwaka. Pengo hilo halilipwi na mwenye duka la saruji, maana yeye hufunga daftari la mikopo. Halilipwi na shirika la umeme, maana luku ikiisha taa zinazimika. Linalipwa na mchungaji na mwinjilisti, kwa sababu wao peke yao ndio wanaoweza kuambiwa wavumilie.

Sasa geuza. Kamati ipange matumizi yake yote ya kudumu ndani ya Sh 360,000, mapato ya mwezi mkavu. Mwaka ule ule wa rashi ingetumia Sh 4,320,000 na kubaki na Sh 3,360,000. Akiba hiyo inatosha kubeba kanisa zima kwa zaidi ya miezi tisa bila sadaka hata moja. Mchungaji wetu alidai miezi saba.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, kaunta buku iwe na safu mbili za mapato. Ya kwanza ni ya waumini wa kudumu: wakulima, walimu, wenye maduka, wajane, watu ambao mwakani watakuwapo. Ya pili ni ya fedha za kupita: rashi, mgeni rasmi, mnada uliopanda, shukrani ya mtu aliyepata. Posho, mchango wa dayosisi au jimbo na bili za kila mwezi zipangwe kwa safu ya kwanza tu.

Pili, fedha za safu ya pili zinunue vitu vinavyokwisha kulipiwa siku hiyo hiyo. Kiwanja chenye hati kwa jina la wadhamini, tangi la maji, mabati ya paa la jengo lililopo. Jengo kubwa lianze pale tu fedha za kufikisha paa zinapokuwa benki. Ahadi ya mgeni rasmi si fedha.

Tatu, akiba isilale kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mzee wa kanisa. Hatifungani za Serikali zinauzwa kuanzia Sh 1,000,000, na mifuko ya uwekezaji ya pamoja hupokea kidogo zaidi ya hapo. Watia saini wawe watatu, na akaunti iwe ya kanisa. Hili linahusu pia sadaka za simu. Namba ya kulipia ikiwa imesajiliwa kwa jina la mchungaji binafsi, siku akihama anaondoka na kikapu, apende asipende.

Nne, kanisa lisipokee dhahabu mkononi. Tangu masoko ya madini yafunguliwe, kuanzia lile la Geita mwaka 2019, mchimbaji ana mahali halali pa kuuza. Sheria hairuhusu mtu asiye na leseni kufanya biashara ya madini. Mwenye moyo wa kutoa auze sokoni, alete shilingi.

Tano, kanisa lenye fremu za maduka au ukumbi wa kukodisha lijue kwamba hiyo ni biashara na ina kodi zake. Kuingiza pango la fremu katika kikapu cha sadaka hakuifanyi kuwa sadaka.

WANAOPINGA

Tunajua yatakayosemwa. Wapo watakaosema kwamba kuweka akiba ni kukosa imani, kwamba Mungu aliyeleta rashi ataleta nyingine. Kwa hao tunajibu kwamba hata katika Maandiko, Yusufu hakuwaambia Wamisri wajenge jumba kubwa zaidi katika miaka saba ya shibe. Aliwajengea maghala.

Wapo wenye hoja nzito zaidi. Wanasema kanisa dogo likionekana lina akiba, ngazi za juu zitapandisha mchango, na walio karibu wataitolea macho. Hofu hii ina msingi, na ndiyo inayofanya makanisa mengi yaharakishe kutumia kabla hawajaulizwa. Dawa yake ni uwazi. Hesabu ibandikwe mlangoni kila baada ya miezi mitatu, na mkutano wa waumini upitishe kwa kura, na kuandika, kwamba akiba ni ya posho za miezi mikavu. Ni vigumu kwa mkubwa yeyote kuchukua fedha ambayo bibi wa benchi la nyuma anaijua kiasi chake na kazi yake.

Wapo pia wajanja watakaosema akiba izalishwe haraka. Hao wakumbushwe DECI, ule mchezo wa kupanda na kuvuna uliopita makanisani ukabebwa na majina ya wachungaji, hadi Serikali ilipouzuia mwaka 2009. Viongozi wake walitiwa hatiani mwaka 2013. Walalahoi waliopanda hawakuvuna. Faida inayozidi ya dhamana za Serikali mara nyingi kwa mwezi mmoja ni fedha ya aliyeingia nyuma yako.

MUDA WA KUAMUA

Tunaandika haya kwa sababu bei ya dhahabu ilipita dola 3,000 kwa wakia mwezi Machi 2025 na dola 4,000 mwezi Oktoba mwaka huo huo. Ni zaidi ya mara mbili ya ile iliyotulevya mwaka 2011. Kuanzia Katoro hadi Kakola kuna kamati za ujenzi zinazokaa jioni chini ya mwembe zikiangalia ramani ya kanisa la watu elfu moja. Hatuwezi kusema bei itashuka lini, na asiamini mtu yeyote anayejidai kujua. Tunachosema ni kwamba duara halijapata kutoa notisi kabla ya kujaa maji.

Mwenyekiti wa kamati, kabla hujapiga kura, mwite mhazini umuulize swali moja: mwezi mbaya kuliko yote katika miaka mitano iliyopita tulipata kiasi gani? Andika jibu lake juu ya ile ramani. Kiasi hicho ndicho kipato cha kanisa lako. Kilichozidi ni amana ya miezi mikavu, na mwenye haki ya kwanza juu yake ni yule mtu mwenye watoto shuleni ambaye ulimwahidi posho.

Wiki ijayo tutarejea kwenye bei za dengu na choroko.